Ukiumia Kazini: Namna ya Kulinda Fidia Yako Tangu Saa ya Kwanza

Kama umeajiriwa Tanzania Bara, iwe kiwandani, shambani, hotelini, ofisini au kwenye jengo linalojengwa, kuna mfuko uliowekwa kwa ajili ya siku utakayoumia. Ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanauita WCF. Uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263, ukaanza kupokea michango Julai 2015, na mwaka uliofuata ukaanza kulipa mafao. Mchango wote unatoka kwa mwajiri. Ukiona kwenye hati yako ya mshahara umekatwa hata shilingi moja kwa jina la WCF, umekatwa kinyume cha sheria.

Jambo jingine ambalo wafanyakazi wengi hawajaambiwa: ili ulipwe, huna haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hata kama uliteleza kwa haraka zako au ulisahau kuvaa glavu, madai yako bado yanasikilizwa. Linaloweza kukuharibia ni utovu wa nidhamu mkubwa wa makusudi, kwa mfano kuendesha mashine ukiwa umelewa, na hata hapo sheria inamwangalia tofauti aliyepata ulemavu mkubwa au aliyefariki na kuacha wategemezi.

Kwa nini basi watu wanaishia mikono mitupu? Kwa sababu Mfuko hauwezi kulipa ajali ambayo haikuandikwa popote. Mtu anavunjika kidole Jumatatu, anafungwa kitambaa, anaambiwa apumzike, na hadi kidole kinapokakamaa miezi minane baadaye hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba kilivunjikia kazini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi, hasa za siku mbili za mwanzo.

(Zanzibar ina sheria yake ya fidia, na Kenya inatumia sheria yake ya mwaka 2007 inayojulikana kama WIBA. Taratibu na viwango vilivyoelezwa hapa ni vya Tanzania Bara.)

Je, wewe ni mfanyakazi machoni pa sheria?

Huhitaji mkataba wa maandishi. Aliyeajiriwa kwa mdomo ni mfanyakazi, na mwanagenzi anayejifunza kazi naye yumo. Kibarua anayelipwa kwa siku kwa kazi ya biashara ya mwajiri pia yumo. Asiyekuwemo ni fundi anayejitegemea: mwenye vifaa vyake, anayepatana bei ya kazi nzima na kuifanya kwa utaratibu wake.

Mgogoro uko katikati. Saidia fundi aliyeletwa na fundi mkuu ni mfanyakazi wa nani? Na mchimbaji wa tanzanite Mirerani, yule anayeitwa mwanaapolo, ambaye halipwi mshahara ila anasubiri mgawo wa mawe? Usijihukumu mwenyewe kwamba hustahili. Toa taarifa, kisha kusanya kila kinachoonyesha nani alikupangia saa, nani alikupa maelekezo na pesa zilitoka kwa nani.

Kabla hujaumia: kazi ya jioni moja

Fanya haya leo ungali mzima, maana ukiwa wodini hakuna atakayekufanyia.

1. Hifadhi ushahidi wa ajira. Tafuta nakala ya mkataba, kitambulisho cha kazi na hati za mshahara. Kama huna hata kimoja, hifadhi ujumbe wa malipo ya simu, picha za daftari la mahudhurio na mazungumzo ya WhatsApp ya kupangiana zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, kwa hiyo kuyaomba si ukorofi.

2. Hakikisha mshahara ulioandikwa ndio unaolipwa. Wapo waajiri wanaoandika nusu na kutoa nusu mkononi ili wapunguze kodi na michango, na wafanyakazi wanaokubali kwa kuona wanafaidika. Fidia inapigiwa hesabu kwa mshahara ulioandikwa. Utaona hasara yake kwa tarakimu huko mbele.

3. Muulize afisa utumishi kama kampuni imesajiliwa Mfuko na jina lako lipo kwenye orodha. Akikwepa, uliza ofisi ya Mfuko.

4. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani mahali nyaraka hizi zilipo.

Siku ya ajali

Tibiwa kwanza. Hakuna karatasi inayotangulia damu. Lakini mara tu unapoweza kuzungumza, au mwenzako anapoweza kukusemea, fuata hatua hizi.

1. Mwambie msimamizi mara moja, mbele ya mtu. Taarifa ya mdomo inatosha kisheria kuanzia, ila mdomo husahau. Andika majina ya waliokuwepo na namba zao za simu, wakiwemo vibarua, kwa sababu hao ndio wa kwanza kuhama.

2. Piga picha. Piga mashine, ngazi, sakafu yenye mafuta, jukwaa lililovunjika, jeraha lenyewe. Mwombe mwenzako apige kabla eneo halijasafishwa, na asizifute hata akiambiwa azifute.

3. Hospitali, sema ukweli tangu mapokezi. Hapa ndipo pa kusimama imara kuliko pote. Wapo wasimamizi wanaompeleka majeruhi hospitali na kumnong'oneza njiani aseme kaanguka nyumbani, "ili mambo yasiwe mengi." Ukikubali, umejiandikia ushahidi dhidi yako. Faili la mgonjwa linafunguliwa kabla ya madai yoyote, ndiyo maana kila atakayechunguza dai lako atalisoma kwanza na kuliamini. Mwambie daktari umeumia kazini, saa ngapi, ukifanya nini, na umwombe aandike hivyo.

4. Taja maumivu yote. Aliyeanguka kutoka juu huonyesha mguu uliovunjika na kunyamazia kiuno kinachouma kidogo. Baada ya miezi mitatu mguu umepona na kiuno ndicho kimemlaza, na kwenye faili kiuno hakimo.

5. Kama ni ajali ya barabarani au umeshambuliwa, pitia polisi kuchukua fomu ya matibabu ya PF3. Hii inawahusu sana madereva, matingo, wasambazaji wa bidhaa kwa pikipiki, na walinzi wanaovamiwa usiku. Chukua pia namba ya gari lililokugonga na jina la kampuni yake ya bima, kwani huenda ukawa na madai huko pia.

Ajali ya njiani kwenda au kutoka kazini huleta ubishi. Ukiwa kwenye basi la kampuni au gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili hiyo, msimamo wako ni mzuri. Ukiwa kwenye daladala, toa taarifa vilevile na uuache Mfuko uamue.

Kesho yake: barua

Peleka taarifa kwa maandishi hata kama bosi mwenyewe ndiye aliyekubeba hospitali. Haina haja ya lugha ya kisheria.

> SANDUKU: MFANO WA BARUA
>
> Kwa Meneja, (jina la kampuni)
>
> YAH: TAARIFA YA KUUMIA KAZINI
>
> Mimi (jina kamili), ninayefanya kazi ya (taja) katika kampuni hii tangu (mwezi na mwaka), nakujulisha kwamba tarehe (…), saa (…), nikiwa (mahali), nilikuwa nikifanya (kazi gani) kwa maelekezo ya (jina la msimamizi). (Eleza kilichotokea kwa sentensi mbili au tatu.) Nimeumia (kiungo gani, kulia au kushoto, na maumivu mengine). Waliokuwepo ni (majina). Nimetibiwa (hospitali).
>
> Naomba ajali hii iingizwe katika kumbukumbu za kampuni na taarifa ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya muda wa kisheria.
>
> Saini, tarehe, namba ya simu
>
> Imepokelewa na: (jina, cheo, saini, tarehe, mhuri)

Andika nakala mbili na ubaki na iliyosainiwa. Wakikataa kusaini, usigombane mapokezi. Piga picha ya barua, itume kwa meneja kwa WhatsApp au baruapepe, na uhifadhi picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Kama una mikono iliyofungwa bandeji, mke, mume, ndugu au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anaweza kukuandikia.

Akishapata taarifa, mwajiri ana siku 7 kuifikisha Mfuko. Wewe una miezi 12 tangu ajali kuhakikisha dai limefika. Usiitumie miezi hiyo kama nafasi ya kungoja. Itumie kama ukuta wa mwisho. Juma la pili likiisha, uliza: "Taarifa imepelekwa? Naomba namba ya dai." Ukijibiwa "tunashughulikia" mara mbili, nenda ofisi ya Mfuko mwenyewe na nakala zako.

"Tumalizane wenyewe"

Siku chache baada ya ajali, mara nyingi hufika mtu nyumbani au wodini. Ana maneno ya upole, amebeba matunda na bahasha. Anasema kampuni ni familia, Mfuko una mlolongo mrefu, chukua hiki upone, na saini hapa tu kwamba umepokea. Ukisoma karatasi unakuta imeandikwa kwamba huna madai mengine.

Namwelewa anayesaini. Kodi ya nyumba haijui kwamba umelazwa, na watoto wanataka kula. Lakini siku ile, wewe na hata daktari hamjui jeraha litaishia wapi. Mshipa wa fahamu uliokatika mkononi, jicho lililoingiwa na kemikali, kiuno kilichoshtuka, haya hujionyesha polepole. Anayekuletea bahasha anataka kununua jeraha lako kabla halijajulikana ukubwa wake.

Fanya hivi:

- Msaada wa matibabu, nauli na chakula upokee na ushukuru. Ukitakiwa kusaini, andika kwa mkono wako: "Nimepokea shilingi (kiasi) kama msaada. Madai yangu ya fidia yanaendelea."
- Usisaini karatasi yenye nafasi wazi, wala iliyoandikwa kwa lugha usiyoielewa.
- Usisaini ukiwa umetoka kudungwa dawa ya maumivu makali. Sema utasaini kesho baada ya kusomewa na mtu wako.
- Ukiwa umeshasaini, usikate tamaa. Nenda Mfuko na karatasi hiyo, ueleze ulivyoisaini.

Utalipwa nini

Mafao ni ya aina saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya mtu wa kumhudumia asiyeweza kujihudumia, utengamao, msaada wa mazishi, na pensheni ya wategemezi. Utengamao ni pamoja na kusaidiwa kurudi kazini au kujifunza kazi nyingine inayolingana na hali yako mpya, na ni fao ambalo watu wengi hawaliulizii. Liulizie.

Tuchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi.

*Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda,* hulipwa asilimia 70 ya mshahara, yaani shilingi 280,000 kwa mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24.

*Akibaki na ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30,* hulipwa kwa mkupuo. Hesabu ni asilimia 70 ya mshahara, mara miezi 84, mara kiwango cha ulemavu. Kwa ulemavu wa asilimia 10: 280,000 × 84 ni 23,520,000, na asilimia 10 ya hizo ni shilingi 2,352,000.

*Ulemavu ukizidi asilimia 30,* hulipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa ulemavu wa asilimia 50, pensheni ni nusu ya 280,000, yaani shilingi 140,000.

Sasa rudi kwenye ule mshahara wa nusu mkononi. Kama kwenye karatasi umeandikiwa 200,000, mkupuo wa 2,352,000 unashuka hadi 1,176,000. Shilingi chache za kodi ulizookoa zinakugharimu zaidi ya milioni moja kwa kiungo ambacho hakitarudi.

Kiwango cha ulemavu hupimwa na daktari baada ya hali kutulia, jeraha likiwa limefikia mwisho wa kupona kwake. Siku ya tathmini nenda na picha zote za eksirei na vyeti vyote. Usijikaze kiume. Ukiulizwa kama unaweza kukunja ngumi na ukashindwa, sema umeshindwa. Eleza kazi yako halisi: dobi, kinyozi na mpakia mizigo hawautumii mkono kwa namna moja.

Magonjwa yanayoletwa na kazi

Ajali ina saa na shahidi. Ugonjwa wa kazi huingia kidogo kidogo, na ndiyo maana wengi huzikwa nao bila kudai chochote. Mirerani, vumbi la mwamba wenye silika limeharibu mapafu ya wachimbaji wengi, na baadhi walitibiwa kifua kikuu kwa muda mrefu kabla ya kujulikana kwamba ni silikosisi, ugonjwa ambao hauna dawa ya kuuondoa. Wanaofanya kazi kwenye kelele za mashine hupoteza usikivu, wachanganya saruji hupata ngozi inayopasuka na kuwasha, wanaopulizia dawa mashambani huumwa kifua na kichwa.

Ukihisi mwili unabadilika na kazi:

1. Mweleze daktari historia ya kazi zako zote, za sasa na za zamani, pamoja na vumbi, kemikali au kelele ulizokutana nazo. Madaktari wengi wanauliza unaumwa nini bila kuuliza unafanya kazi gani, kwa hiyo anza wewe.
2. Andika orodha ya waajiri wako na miaka uliyokaa kwa kila mmoja.
3. Omba nakala za vipimo vya afya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe anapoajiriwa, akiwa kazini, na anapoondoka. Kipimo cha kwanza kinachoonyesha uliingia mzima kina thamani kubwa mno.
4. Ugonjwa ukithibitishwa, toa taarifa siku hiyohiyo kwa mwajiri na kwa Mfuko. Usingoje uzidi.

Mlango ukifungwa

*Mwajiri hajasajiliwa au hajachangia.* Hilo ni kosa lake kisheria, si lako. Peleka dai lako Mfuko ukieleza hivyo. Mahali penyewe pakiwa pa hatari kwa wenzako waliobaki, toa taarifa pia OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wenye wakaguzi wa kazi hiyo.

*Umefukuzwa kwa sababu umeumia au umedai.* Hapa saa inakimbia. Kupinga kuachishwa kazi isivyo halali hufanyika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Ni dai tofauti na la fidia, na yote mawili yanaweza kwenda pamoja. Wengi hulifuatilia la fidia hadi siku 30 zikapita bila kujua.

*Dai limekataliwa, au kiwango ni kidogo.* Omba uamuzi kwa maandishi ukiwa na sababu zake. Unaweza kuomba Mkurugenzi Mkuu aupitie upya, ukaenda kwa Waziri anayehusika na kazi, kisha Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kila ngazi ina muda wake wa kuwasilisha, kwa hiyo uliza siku za mwisho siku ileile unayopewa barua. Kinachosaidia zaidi ni ripoti ya daktari mwingine inayojibu sababu zilizotajwa. Barua ya kulalamika peke yake haibadilishi asilimia.

*Anatokea mtu wa kukufuatilia kwa sehemu ya malipo.* Kuwasilisha dai hakuhitaji wakala. Asijue mtu namba yako ya siri ya benki, na nyaraka halisi zisitoke mkononi mwako.

Mfanyakazi akifariki

Maneno haya ni mazito kwa familia iliyo msibani, lakini yasiposemwa mapema hayana faida. Kama kifo kimetokea kazini, hasa cha ghafla kisicho na jeraha la wazi, ombeni uchunguzi wa mwili kabla ya mazishi na mpate ripoti yake. Najua kuna haraka ya kuzika na wapo wasiopenda maiti ifanyiwe uchunguzi. Lakini baada ya mazishi, swali la nini kilimuua linakuwa gumu sana kujibu, na wanaoulizwa ni mjane na watoto.

Andaeni cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote (pamoja na walio nje ya nyumba, kwani nao ni wategemezi), ushahidi wa ajira ya marehemu na taarifa ya ajali. Mjane au mgane na watoto hulipwa pensheni. Mtu mmoja wa familia ashike faili.

Orodha ya bahasha moja

Nunua bahasha kubwa ngumu na uweke vyote humo, kisha upige picha kila karatasi na uitume kwa mtu unayemwamini:

☐ Kitambulisho cha NIDA na kitambulisho cha kazi
☐ Mkataba au ushahidi mwingine wa ajira
☐ Hati za mshahara au taarifa za malipo za miezi ya karibuni
☐ Barua ya taarifa ya ajali iliyopokelewa, au picha ya skrini
☐ Majina na simu za mashahidi, picha za eneo
☐ PF3, kama inahusika
☐ Kadi ya hospitali, eksirei, vyeti vya ED (mapumziko ya ugonjwa) vya kila kipindi
☐ Risiti zote za dawa, vipimo na nauli, hata ya bajaji
☐ Namba ya dai na majina ya maofisa uliozungumza nao, pamoja na tarehe
☐ Namba ya akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la NIDA

Hicho cha mwisho kiangalie mapema. Jina likiwa "Juma" benki na "Jumaa" kwenye kitambulisho, lirekebishe ukiwa bado unasubiri tathmini, usingoje siku ya malipo.